Mtani wa Mzee Maganga

Nimekabidhi funguo za kabati la dawa majuma matatu yaliyopita, na kila asubuhi mkono wangu bado unazitafuta kiunoni. Ninyi mliobaki kazini mmeniomba niandike nilivyojifunza kuwatunza wazee. Nimekubali, ila msitafute humu habari za vyeo. Vyeo vilikuja vilipokuja, na mshahara wetu mnaujua wenyewe. Nitaandika habari za nyumba moja, kidonda kimoja, na wanaume wawili waliotukanana kila siku kwa muda wa karibu miaka miwili. Nimeona mengi tangu wakati ule, lakini nikiwakumbuka hao wawili bado napigwa na butwaa.

Udresa, yaani kazi ya kuosha na kufunga vidonda, niliusomea hospitali ya Kitete, Tabora, miaka michache kabla ya Vita vya Pili. Mwalimu wangu alikuwa Bwana Yohana, dresa mkuu, Mmoravian wa kweli kweli, mtu mrefu aliyevaa koti jeupe lililopigwa pasi mpaka ukadhani lingeweza kusimama bila yeye. Alitufundisha kunawa mpaka kwenye viwiko. Alitufundisha kuchemsha maji ya kidonda, kuyaacha yapoe, kisha kuyajaribu kwa upande wa ndani wa mkono, pale ngozi inapokuwa laini. Zaidi ya yote alitufundisha kunusa. Kidonda kinaanza kusema na pua, alisema, kabla hakijasema na macho, na mtu asiyejua kunusa akauze sabuni dukani. Nilimwogopa, nikampenda, na mpaka leo nikiingia chumba cha mgonjwa nasimama kwanza mlangoni na kuvuta pumzi.

Nilipomaliza mafunzo nilipelekwa kwenye nyumba ya wazee iliyokuwa nje ya mji, kwenye njia ya Kwihara. Lilikuwa tembe la zamani, kuta nene za udongo, paa la udongo, na ua katikati. Aliyelijenga alikuwa mfanyabiashara wa enzi za misafara. Wenyewe walikwisha kuondoka, likabaki, likapewa wazee wasio na mtu. Vitanda vilikuwa kumi na viwili, vya kamba: vinane vya wanaume, vinne vya wanawake upande wa pili wa ua. Upande wa wanawake alikuwa Mama Agata, mjane Mkatoliki, ambaye pia alipika. Upande wa wanaume nilikuwa mimi. Bwana Yohana alikuja kutukagua kila Ijumaa kwa baiskeli, na daktari wa serikali mara moja kwa mwezi kwa gari.

Siku ya kwanza nilizunguka vitandani na beseni langu la enameli, nikiwa nimejiandaa kuona udhaifu. Nilichoona sikukitegemea. Wazee wale wengi walikuwa wapagazi wa zamani, waliotembea kwa miguu kutoka Unyanyembe mpaka pwani na pembe za ndovu begani, wakarudi na marobota ya nguo. Kwenye bega la kila mmoja palikuwa na sugu nene kuliko kisigino changu. Mmoja alikuwa haoni tena, lakini aliweza kukutajia kila kituo chenye maji kutoka hapa mpaka Bagamoyo, na utamu wa maji yenyewe. Mimi niliyesoma darasani, niliyejua majina ya mifupa yote ya mguu, nilijiona mtoto mbele ya miguu ile.

Aliyenikamata moyo kuliko wote alikuwa Mzee Maganga. Alilala kitanda cha pembeni, karibu na mlango. Nyonga yake ya kushoto ilivunjika zamani ikaunga vibaya, kwa hiyo alilala upande mmoja, na upande huo ulikuwa umeanza kuchubuka. Dresa aliyenitangulia alikuwa mtu wa kusini, mkavu wa maneno, asiyeamkia mtu. Aliingia, akamgeuza mzee, akamwosha, akatoka. Wazee walimlalamikia sana. Mimi niliwaonea huruma nikaazimia kuwaonyesha adabu ya kwetu.

Basi nikafanya hivi. Niliweka beseni chini, nikainama, nikapiga makofi taratibu, nikasema, "Mwangaluka, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Mtoto wa nani wewe?"

Nikamtajia baba yangu, nikamtajia babu yangu, na kwamba babu alihama kutoka Ziba na ng'ombe wake. Mzee akajiinua kwa kiwiko. Akaniuliza jina la mama yake babu. Nikamtajia. Machozi yakamtoka. Baba yake na babu yangu walikuwa wamezaliwa tumbo moja. Yeye na baba yangu walikuwa ndugu, na mimi nilikuwa mwanawe. Watoto wake wa kuwazaa walikuwa wamekufa wote, na kwa miaka mingi hakuwa na mtu wa kumwita baba.

"Nimepata mtoto," aliwaambia wenzake chumba kizima. "Msiseme tena kwamba Maganga hana mtu."

Nami nililia, sioni haya kusema. Jioni nilirudi chumbani kwangu nikijisifu kwamba kwa siku moja tu nimefanya mambo ambayo yule mtu wa kusini hakuyafanya kwa miaka.

Asubuhi ya pili nikaja na maji ya kumwosha. Nilipogusa shuka lake la kaniki, alilikamata kwa mikono miwili.

"Hapana, mwanangu," akasema kwa upole. "Hili haliwezekani."

Mnaelewa jambo nililolifanya. Kwetu mtoto haoni uchi wa baba yake. Si sheria iliyoandikwa, wala hakuna mtu aliyenifundisha kwa maneno. Niliijua tangu nikiwa mdogo jinsi nilivyojua kula kwa mkono wa kulia. Lakini nilipovaa koti la udresa nilidhani koti litaniondoa katika ukoo. Nikamweleza kwamba mimi hapa ni dresa. Akaniambia dresa ni kazi yangu, lakini mtoto ndiye mimi.

Nikatafuta mtu mwingine. Nilimwomba kijana mmoja wa mjini aje amwoshe kwa siku chache. Mzee akamkataa pia, na sababu yake ilinishinda nguvu. Alipokuwa hana mtu, alisema, yeyote angeweza kumvua, maana mtu asiye na watu wake hana cha kuficha. Sasa mtoto wake yumo humu ndani. Mgeni akimvua na mtoto yupo, aibu itamwangukia mtoto. Alikuwa ananikinga mimi. Kwa salamu yangu nzuri nilikuwa nimefunga milango yote miwili, na ufunguo sikuwa nao.

Siku zikapita. Mzee alikubali chakula kutoka mkononi mwangu, alikubali habari za mji, alinipa habari za baba yangu alipokuwa mtoto mtundu. Shuka hakuachia. Alijifunga kipande cha kaniki nyongani, akalala juu yake. Juma la pili nilisimama mlangoni asubuhi, nikavuta pumzi kama nilivyofundishwa, na harufu ikanigonga. Nilijua ile harufu maana yake nini.

Daktari alipokuja, Mzee aliruhusu kidogo tu pembe ya kitambaa inyanyuliwe, huku mimi nimepewa amri na mzee mwenyewe nitazame ukuta. Daktari alikuwa Mzungu asiye mbaya, mwenye Kiswahili cha kutoa amri tu, kwa hiyo hata alipobembeleza alionekana anaamuru. Akanitoa nje. Kidonda kimekwenda ndani, aliniambia. Kikifika kwenye mfupa hatakuwa na la kufanya. Nikioshe kila siku na nimgeuze mzee kila baada ya saa chache. Akikataa, afungwe mikono kwa kitambaa mpaka kazi iishe. Atarudi baada ya mwezi.

Ijumaa nilimweleza Bwana Yohana. Alisikiliza akiwa ameshika baiskeli yake.

"Utamfunga?" akaniuliza.

"Sitaweza, Bwana."

"Wala mimi. Mtu ukimfunga ili umponye, siku akipona hatakutazama." Akapanda baiskeli, kisha akashuka tena. "Lakini akifa, Petro, utakuwa umemwua kwa heshima. Fikiri."

Nilifikiri mpaka kichwa kikauma. Nilifikiri kuomba uhamisho, ili niondoke na aibu yangu, aje mtu mwingine mkavu wa maneno. Barua nilikwisha kuianza.

Sasa nimtaje Salumu Kondo. Alikuwa mchota maji wetu mpya, Mzaramo wa karibu na pwani, mtu wa makamo aliyeletwa Tabora na reli akaoa hapa na kubaki. Alibeba madebe mawili kwenye mzega, akayamimina kwenye mapipa uani, akaenda zake. Kwa juma zima hakuwahi kuingia chumbani. Siku moja pipa la uani lilikuwa linavuja, nikamwambia aingize maji ndani. Akafika mlangoni, karibu na kitanda cha Mzee Maganga, akasimama, akakunja pua.

"Kuna Mnyamwezi humu," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "na ameoza kabla sijamzika."

Beseni liliniponyoka. Nilimwendea nikiwa nimekunja ngumi, nathubutu kusema ningempiga. Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu ambayo sikuwa nimewahi kuisikia. Mzee Maganga alikuwa anacheka.

"Nani huyo anayebweka?" akauliza. "Mzaramo?"

"Mzaramo mwenyewe."

"Nilijua. Maji yamefika kabla ya salamu. Babu zako walituuzia maji ya mto kana kwamba mto waliuchimba wao."

"Na babu zako wakalala kwenye baraza ya babu yangu, wakala muhogo wetu na majani yake na mashina yake. Tungewaacha wangekula na baraza." Kondo alitua mzega wake. "Wewe ni maiti yangu, mzee. Nimetoka pwani kuja kukuzika. Lakini siziki kitu kinachonuka hivi, watu watasema Wazaramo hawana adabu. Nipishe nikuoshe."

Nilibaki nimesimama pale katikati yao. Utani niliujua, nani asiyeujua? Niliwahi kuuona misibani, watu wakitaniana mpaka wafiwa wanacheka na machozi. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba ni kitu chenye kazi. Hawa wawili hawakuwahi kuonana. Babu zao ndio waliokutana njiani, huyu akipita na mzigo, yule akikaa kando ya njia, wakagombana, wakazikana, wakapatana kwamba kuanzia hapo watu wao wataambiana lolote na hakuna atakayeona haya wala kukasirika. Patano hilo lilitembea kwa miguu njia yote ile, likasubiri, likaingia chumbani kwangu na madebe mawili ya maji.

Mzee Maganga alinigeukia. "Dresa, mwanangu, toka nje."

"Baba, huyu naye ni mtu, umesema mgeni hawezi..."

"Huyu si mtu," akasema. "Ni Mzaramo. Toka."

Nikatoka. Nilitundika jamvi mlangoni, nikakaa nyuma yake juu ya kigoda, na hapo nikatoa somo la kwanza katika maisha yangu, kwa mwanafunzi nisiyemwona, juu ya kidonda nisichokiona. Nilimfanya Kondo anawe mpaka kwenye viwiko. Nilimfanya ajaribu maji kwa upande wa ndani wa mkono. Kisha nikamwuliza anaona nini.

"Naona Mnyamwezi."

"Kidonda, Bwana Kondo."

Alipojibu sauti ilikuwa imebadilika, imeshuka. Kidonda kilikuwa na upana wa kiganja, alisema. Kingo zake nyekundu, katikati pana kitu cheusi kinachoshikilia, na chini ya cheusi usaha. Nikamwuliza kama anaona kitu cheupe kigumu. Hapana. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, maana cheupe kigumu kingekuwa mfupa. Nikampitishia chini ya jamvi maji ya chumvi, pamba, na dawa ya zambarau iliyochanganywa mpaka iwe na rangi ya waridi hafifu. Nikamwambia asing'oe kile cheusi kwa nguvu, akiloweshe tu, kitaachia chenyewe siku zake zikifika.

Wakati wote huo waliendelea kutukanana. Mzee alipoumia alimtukana Kondo badala ya kulia, na Kondo alimjibu kila tusi, mkono wake ukiendelea na kazi. Nilipogundua ujanja huo nilishika kichwa. Miaka mingi tumewaambia wagonjwa wavumilie. Hawa walikuwa na njia nzuri zaidi.

Ijumaa Bwana Yohana akaja. Alisikia tusi moja kutoka nyuma ya jamvi akiwa bado uani, nalo lilimhusu bibi yake Mzee Maganga. Akashuka kwenye baiskeli na uso wa Jumapili.

"Ni nyumba gani hii?" akaniuliza. "Nani anayesema maneno hayo mbele ya mgonjwa?"

Nikamwomba asubiri. Kondo alipomaliza aliinua jamvi, na Mzee, kwa kuwa aliyemvua alikuwa mtani wake na Bwana Yohana angetazama tu, akamkubalia. Bwana Yohana alipiga goti. Alinusa kwanza. Kisha akatazama muda mrefu, na alipoinuka alikaa kwenye kigoda changu bila kuangalia kama kina vumbi, akiwa na koti lile jeupe.

"Nimefundisha miaka mingi namna ya kuosha kidonda," akasema. "Sikuwahi kufundisha nani akioshe."

Kutoka siku hiyo tulibadili kazi. Tulimwomba Kondo aache mzega, awe mhudumu wa upande wa wanaume. Na kwenye daftari la kupokelea wazee, mahali palipoandikwa jina na ugonjwa, Bwana Yohana alipiga mstari kwa rula yake akaongeza safu moja: nani ni nani kwake. Mzee akiingia, kabla hujashika beseni, kaa naye, uliza ukoo, uliza kwao, uliza watani. Ukikuta wewe ni mtoto wake, furahi, uwe mtoto: lete chakula, lete habari, kaa naye jioni. Kuosha mpe mwingine. Mama Agata alicheka alipoelezwa. Yeye alikuwa akifanya hivyo siku zote bila kuandika. Bibi Nyamizi, aliyekuwa mkali kwa kila mtu, kiukoo alikuwa nyanya yake, na mjukuu na nyanya ni wake wenza kwa utani. "Mke mwenzangu," angemwambia, "mume wetu anakuja leo, nawe unanuka moshi?" Bibi angeachia nguo mwenyewe.

Mengine tuliyoyapata ni ya mikono tu, lakini yaandikeni. Kamba za kitanda zilegezwe kidogo chini ya nyonga. Juu ya kamba godoro la majani makavu, yabadilishwe kabla hayajavunda, na juu ya godoro ngozi ya kondoo yenye manyoya. Kumgeuza mzee tuliacha kutumia saa, kwa kuwa wao hawakuijua. Mzee Maganga mwenyewe ndiye aliyepanga vituo, kwa jinsi jua lilivyoingia mlangoni na kutembea sakafuni. Likifika kwenye kizingiti aliita, "Kambi!" na Kondo angekuja kumgeuza akilalamika kwamba msafara huu hauendi mbele. Baada ya majuma mawili chumba kizima kilikuwa kikigeuzwa kwa amri hiyo. Yule asiyeona alituambia kila kituo jina lake, na wote walijua wakati gani wamefika wapi.

Daktari aliporudi, kile cheusi kilikuwa kimeachia na nyama ilikuwa nyekundu safi. Akauliza tumetumia dawa gani. Nikamjibu: maji ya chumvi, dawa ya zambarau, na matusi. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Aliandika zile mbili za kwanza.

Kidonda kilichukua karibu miezi sita kufunga. Mzee alianza kukaa, kisha kusimama, kisha kutembea kwa fimbo mpaka uani, Kondo akimfuata nyuma akimwuliza kama anapeleka mzigo huo kwa mkutano wa kobe. Nilizoea kuwasikia. Siku ambayo hawakutukanana nilikwenda kuangalia kama kuna mgonjwa.

Masika ya mwaka wa pili Kondo akashikwa na kichomi. Alikuja kazini siku mbili akikohoa, siku ya tatu akaanguka uani. Tulimlaza kitanda cha karibu na mlango, na Mzee Maganga akahamia kigodani kando yake. Zamani zile hatukuwa na dawa mnazozitumia ninyi leo. Tulimweka wima, tukamnywesha, tukamkanda kifua. Mzee ndiye aliyemwosha, maji ameyajaribu kwa upande wa ndani wa mkono kama alivyoona akifanyiwa.

"Umeninyima hata maiti," alimwambia. "Nilikuwa nife mimi, wewe ulie, nikae pembeni nicheke. Mzaramo hana mpango."

Kondo hakuwa na pumzi ya kujibu. Alinyanyua kidole kimoja tu, na Mzee akaelewa ni tusi gani, akalijibu.

Alikufa adhuhuri ya siku ya nne. Mkewe na watu wa msikitini wakamwosha na kumvika sanda kwa taratibu zao, na Mzee, ambaye hakuwa wa dini yao, alikaa nje ya ua wa makuti wa nyumbani kwa Kondo akiwarushia kejeli, na wao wakampokea vizuri kwa kuwa walijua haki yake. Makaburini alitaka kwenda kwa miguu. Tulichukua muda mrefu.

Kaburi lilipokuwa tayari, Mzee aliwaambia wachimbaji wamshushe. Wakacheka, wakamshika mikono wakamshusha polepole. Akajilaza mle ndani, akakunja mikono kifuani.

"Nyumba hii nimeipata mimi kwanza," akasema. "Mzaramo akatafute yake."

Watu wakacheka, hata mjane alitabasamu. Mtani akifanya hivyo hutoka akipewa kitu. Wakamrushia tumbaku. Hakuigusa. Wakamwahidi kuku. Akamkataa. Mtu mmoja akamtania kwamba kaburi la Mzaramo litampa kiu, na wachache wakacheka, kisha hakucheka mtu. Jeneza lilikuwa limetua pale juu, watu wamesimama, jua linatuchoma, na Mzee amefumba macho. Hapo nilifahamu kwamba hataki kutoka. Hakuna aliyekuwa na neno la kumtoa kwa aibu au kwa kicheko, maana mwenye maneno hayo alikuwa ndani ya sanda.

Sheikh alinitazama. Wote walijua mimi ni mwanawe. Nilivua viatu nikashuka kaburini, nikapiga magoti kwenye udongo karibu na kichwa chake.

"Baba," nikasema.

Hakufumbua macho. "Nani ataniosha kesho?" akaniuliza, kwa sauti ya chini, ili walio juu wasisikie.

Sikuwa na mtani mwingine wa kumpa. Nilikuwa na daftari, nilikuwa na safu ya rula, na mahali pake palikuwa pameandikwa jina moja tu.

"Mimi," nikasema.

"Wewe ni mwanangu."

"Ndiyo, Baba."

Akafumbua macho, akanitazama. Kisha akanyoosha mikono akanishika shingo, na mimi nikampitisha mkono mmoja chini ya magoti na mwingine mgongoni, nikasimama naye. Alikuwa mwepesi sana. Watu wakampokea juu, na Salumu Kondo akalazwa mahali pale pale.

Asubuhi nilichemsha maji, nikayaacha yapoe, nikayajaribu. Nilisimama mlangoni na beseni, nikabisha hodi kama mtu ambaye hajawahi kuingia. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, uso ameuelekeza ukutani, na shuka lake la kaniki alikuwa amekwisha kulivua mwenyewe.